Siku Moja Maishani Mwangu: Karani wa Mizigo, EPZ Athi River

Saa moja asubuhi. Washonaji walipokuwa wakimiminika langoni, mimi nilikuwa ghalani na afisa wa forodha, kwa kuwa kontena kutoka Mombasa halifunguliwi kabla lakiri yake haijakaguliwa. Siku hiyo ya mwaka 2024 tulishusha majora ya denimu kutoka China, pamoja na zipu na vifungo. EPZ ni eneo la viwanda vinavyouza bidhaa nje, hivyo ushuru hatulipi, mradi kila mita ipatikane hesabuni.

Saa nne. Mnunuzi wa Marekani aliuliza kama oda yake ingeweza kutangulizwa, maana muda wa AGOA, sheria ya Marekani ya kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, ulikuwa unakwisha Septemba 2025. Swali hilo linaeleza kwa nini tupo hapa. Suruali ya pamba hutozwa asilimia 16.6 ikiingia Marekani kwa ushuru wa kawaida. Sheria hiyo ya mwaka 2000 ilituondolea mzigo huo, tena ikaturuhusu kushona vitambaa vilivyofumwa kwingine. Kiwanda kisichotegemea pamba ya nchini hakina haja ya kukaa karibu na mkulima wake. Kinachokifaa ni njia nyepesi ya kufika bandarini, nasi tupo kando ya Barabara ya Mombasa.

Saa saba, mezani, fundi wetu wa cherehani, mzee aliyewahi kufanya kazi KICOMI, kiwanda cha nguo cha Kisumu, alirudia hadithi ya Kisumu. Zamani, ushuru ulipokuwa ukizuia nguo za nje, viwanda vilienea hadi Kisumu, Eldoret na Nanyuki. Soko likafunguliwa miaka ya 1990, mitumba ikajaa, na vingi vikafunga milango. Mzee huilaumu mitumba peke yake. Mimi naona madeni na usimamizi mbovu navyo vilichangia.

Saa tisa alipiga simu mfanyabiashara wa Nairobi akitaka suruali zilizobaki. Nilimweleza kwamba angelipa ushuru kana kwamba ameziagiza ng'ambo, ingawa angeweza kuzifuata kwa matatu. Alikata simu.

Saa kumi na moja jioni nilimjibu mnunuzi: oda yake ingetangulizwa, lakini bei ya mizigo ya baada ya Septemba 2025 hatukuweza kuiahidi. Wakubwa wetu hawajasahau kwamba Ethiopia ilipotolewa AGOA Januari 2022, wawekezaji kadhaa waliliacha eneo lake la viwanda vya nguo la Hawassa, majengo yakiwa bado mapya.