Siku Niliyolinyima Jamvi Maji

Darasani nilitoka na jambo moja kichwani: maji ni adui wa zege. Kwa hiyo siku ya kwanza kuachiwa jamvi, yaani sakafu ya zege, nilisimamie peke yangu, nilikaa kando ya mashine ya kuchanganyia kama askari wa zamu. Aliyegusa ndoo bila ruhusa alinisikia. Kwa hilo sikukosea, maana maji yakizidi kwenye mchanganyiko, zege hudhoofika. Kosa langu lilikuwa kwingine.

Fundi mkuu, mzee wa umri wa baba yangu, aliomba tukilowanishe kifusi kilichojazwa chini kabla ya kumwaga zege juu yake. Nikakataa. Nikamweleza, kwa sauti ya mtu aliyefaulu mitihani juzi, kwamba tutaharibu vipimo.

"Haya, mhandisi," akasema, akaenda zake kupanga mbao.

Mashine iligoma asubuhi nzima. Tukaanza kumwaga jua likiwa utosini na upepo ukirusha mifuko mitupu ya saruji huku na huku. Tungeweza kuahirisha, lakini watu walikuwa wameshafika, na ukishaanza, zege halilali.

Nusu ya kwanza ilipokamilika, uso wake uling'aa kwa utando mwembamba wa maji. Haukupita muda mrefu mng'ao ukatoweka. Nikafurahi. Nikamwambia mzee linakauka vizuri.

"Zege halitakiwi kukauka, kijana. Linatakiwa kushika."

Niliona ni maneno tu ya mafundi. Kisha nikaona unywele. Nilidhani ni alama ya mwiko, nikainama kuifuta, haikufutika. Hatua moja mbele ulikuwepo mwingine, umelala mshazari sambamba na wa kwanza, na mbele yake mwingine tena, mrefu kama mkono wangu. Jamvi halijabeba hata paka, halijamaliza saa chache, tayari lina nyufa!

Kilichokuwa kikitokea nilikielewa baadaye, nilipokubali kusoma upya. Zege likishamwagwa, kokoto na saruji hutulia chini na maji hupanda juu. Ndiyo ule mng'ao. Yanayopanda yakiyazidi yanayochukuliwa na upepo, hakuna neno. Upepo ukishinda, maji hurudi nyuma katikati ya chembe za saruji, uso wa maji hujipinda humo kwenye vijia vyembamba, na kujipinda huko huzivuta chembe zikaribiane. Tabaka la juu linataka kusinyaa, la chini halijatikisika, na zege changa kiasi hicho halina nguvu ya kuhimili mvutano. Linachanika. Wahandisi huanza kuhofu uvukizi unapofikia takriban lita 1 kwa kila mita ya mraba kwa saa. Jamvi letu lilikuwa mita 10 kwa 6. Piga hesabu: ndoo tatu za lita 20 kila saa, zinaondoka mbele ya macho yangu nami nashangilia. Na kile kifusi kikavu nilichokitetea kilikuwa kikinywa kutoka chini.

Wakati ule sikujua hayo. Nilichoamuru ni kunyunyiza saruji kavu juu ya nyufa na kupitisha mwiko.

"Hiyo ni poda usoni," mzee akasema. Hakubishana zaidi. Alikwenda nusu ya pili, akabonyeza kwa dole gumba, likazama kidogo. Akaita vijana waje na mbao, wakalipiga na kulisugua upya mpaka nyufa zilizokuwa zimeanza zikajifunga kutoka ndani, si ngozi ya juu tu. Nyuma yao nailoni ilitandazwa na kukandamizwa kingo zote. Kisha akarudi nusu ya kwanza, akabonyeza. Dole halikuacha alama. Akanyanyuka, akajipangusa, asinitazame.

Kesho yake msimamizi aliuliza kwa nini upande mmoja una nyufa na mwingine hauna. Mzee alikuwa hapo hapo na mpira wa maji mkononi, amenyamaza, nami nilijua ananiachia. Nikasema ni mimi.

Siku 7 zilizofuata nilimwagilia jamvi lile mwenyewe, nusu zote mbili, kwa bidii iliyowachekesha vibarua. Nyufa hazikuziba hata moja.