Nitro kwenye gari la kabureta: miezi minne kabla ya kufungua mtungi

Gari langu ni la mwaka 1984: lita 1.8, silinda nne, kabureta moja, distributa ya platini. Vifaa vya nitro, yaani gesi ya nitrasi oksidi ya kuipa injini nguvu zaidi, nilivinunua kwa mtu aliyekuwa akibomoa gari lake: mtungi wa ratili 10, solenoidi mbili (valvu zinazofunguliwa kwa umeme), bati nene la kukaa chini ya kabureta, na kimfuko cha jeti (vipande vyenye tundu dogo la kupimia gesi na petroli). Nilijipa Jumamosi moja, kazi ikala miezi minne. Kufunga nitro yenyewe kulichukua siku mbili, muda wote uliobaki nilikuwa natengeneza gari.

Nitrasi oksidi si mafuta, na yenyewe haiwaki. Ikiingia kwenye silinda, joto linalopita nyuzi 300 hivi huivunja na kuiachia oksijeni yake. Kwa uzito, oksijeni ni asilimia 36 ya gesi hii, wakati hewa ya kawaida ina kama 23. Oksijeni hiyo ya ziada inadai petroli ya ziada. Ikiikosa, moto ndani ya silinda unakuwa mkali kupita kiasi, injini inaanza kugonga, na pistoni ndiyo inayolipa. Pistoni za magari mengi ya zamani ni za kumimina, si za kufua, na ukingo ulio kati ya ringi na ringi hukatika kama biskuti. Kwa hiyo hofu yangu haikuwa gesi, ilikuwa petroli kupungua.

Nilianza na kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inaweza kuijenga. Plagi zote nje, aksileta chini kabisa, stata ikazungushwa mpaka sindano ikaacha kupanda. Silinda ya kwanza PSI 160, ya pili 165, ya nne 160. Ya tatu ikasimama kwenye 125. Nikaitilia kijiko cha oili nikapima tena. Ingepanda, ugonjwa ungekuwa wa ringi. Haikupanda, basi valvu. Hedi ikashuka, valvu zikasagwa, gasketi mpya ikawekwa. Gari hili lilikuwa likinipeleka kazini kila siku bila kulalamika, na kama ningelipiga nitro siku ile ya kwanza, nisingejua kitu mpaka moshi utoke.

Kisha pampu ya mafuta. Nilifunga geji kwenye njia ya petroli na kuibandika kwa tepu upande wa nje wa kioo cha mbele (petroli haina kazi ndani ya gari), nikakanyaga mpaka mwisho kwenye gia ya tatu. Ilianza PSI 4, na injini ilipofika juu ikaporomoka hadi chini ya 2. Pampu ile ya kusukumwa na kemushafti ilikuwa haitoshi hata bila nitro! Nikaweka ya umeme, na waya wake nikaupitisha kwenye swichi ya presha ya oili. Injini ikizima, pampu nayo inakufa.

Vifaa vya mtumba vina siri zake. Nilipofungua solenoidi ya gesi nilikuta nyuzi nyeupe za tepu ya mafundi bomba zimenasa pale kizibo kinapokalia. Maungio haya hukaza chuma kwa chuma na hayahitaji tepu, wala grisi au oili, kwa sababu gesi hii ikiwa na presha kubwa hulichochea chochote kinachoweza kuwaka. Uzi mmoja ukizuia kizibo kufunga sawasawa, gesi itavuja polepole na kujaa kwenye manifoldi (njia ya hewa kuingia kwenye injini) huku gari limezimwa, na ukiwasha unaweza kuirusha kabureta mpaka kwenye boneti. Ndiyo maana nikishuka garini mtungi nimeshaufunga kwa mkono. Siitegemei solenoidi.

Mtungi wenyewe niliupeleka kupimwa upya, maana tarehe iliyogongwa shingoni ilikuwa imeshapita. Upo kwenye buti, umefungwa kwa mabano yaliyoshikwa na boliti zilizopenya sakafu, na tundu la usalama lina paipu inayotoka nje ya gari. Presha nzuri ni PSI 900 hadi 950. Ukiwa baridi inashuka, na kuna watu huuchoma mtungi kwa moto wa gesi ili ipande. Mimi nina blanketi la umeme lenye kidhibiti joto, basi.

Kwenye umeme sikufanya ujanja. Ili gesi itoke lazima vitu vitatu vikubaliane: swichi niliyoiwasha mwenyewe, swichi ndogo ya kabureta inayoguswa kanyagio likifika mwisho, na kifaa kinachoruhusu kati ya mizunguko 3,000 na 5,500 kwa dakika. Kumwaga nitro injini ikiwa inazunguka taratibu ni kuomba mlipuko.

Jeti nilizoanza nazo ni za nguvu farasi 35. Taiming, yaani wakati cheche inaporuka, niliirudisha nyuma nyuzi 2, plagi nikaweka za baridi zaidi (zinazopoteza joto haraka), uwazi wake nikaupunguza kidogo. Nikaenda uwanja wa mashindano, nikaachia sekunde tatu. Kiti kilinigonga mgongoni. Nikazima injini palepale, nikaacha gari lijikokote mpaka likasimama, nikatoa plagi na kuzitazama kwa lenzi. Kwenye kauri nyeupe ya plagi moja palikuwa na vidoa vya kung'aa, vidogo kuliko punje ya chumvi. Hiyo ni alumini, yaani pistoni ilikuwa imeanza kuliwa. Sikurudia siku ile, ingawa marafiki walikuwa wamesimama na simu zao tayari.

Kosa lilikuwa langu. Taiming nilikuwa nimeipima injini ikinguruma bila kukanyagwa. Nilipoipima kwa taa kwenye mizunguko 3,500, ilikuwa imekimbia mbele nyuzi 6 zaidi ya ilivyotakiwa. Springi za uzito ndani ya distributa zilikuwa zimelegea kwa uzee. Springi mpya mbili, vitu unavyoweza kuvificha chini ya ukucha. Safari iliyofuata plagi zilitoka safi zote.

Sasa mtungi naupima kwa mizani, kwa kuwa geji haisemi gesi imebaki kiasi gani maadamu kuna kimiminika ndani. Kijana mmoja aliwahi kuniuliza kama anaweza kuivuta kidogo acheke, kwa kuwa ndiyo ile gesi ya kuchekesha. Ya magari kwa kawaida huchanganywa na salfa dayoksaidi ili isivutike, na hata isiyochanganywa inakunyima hewa ukafa ukiwa umekaa. Nilimnyang'anya spana.

Jeti za nguvu farasi 50 bado zipo kwenye kimfuko. Klachi imeanza kuteleza kwenye gia ya nne, kwa hiyo hazitoki humo mpaka niishushe gia boksi.