Majahazi ya Tanga kwenye ukuta wa Makindye

Mkataba wa chumba changu hapa Makindye, Kampala, unakataza kupiga misumari. Mpangaji aliyenitangulia alitoboa ukuta, akakatwa pesa zake za dhamana. Basi miezi mitatu ya mwanzo niliishi na kuta tupu, na michoro ya kaka yangu, majahazi ya Tanga aliyoyachora kwa penseli, ikawa imelala chini ya godoro.

Jirani yangu, mama kutoka Goma, aliiona siku moja. "Dada yangu, mapicha muzuri hivi, unaificha ya nini?" Akanimegea kipande cha gundi ya buluu, ile laini ambayo walimu hubandikia chati darasani. Kesho yake nikaenda Nasser Road, mtaa wa wachapaji, nikanunua pakiti yangu.

Gundi hii hukandwa kama unga wa chapati. Ikiwa baridi ni ngumu, haishiki. Ikipata joto la vidole inalainika. Ninaviringa vidonge kama punje za njegere, kimoja kila pembe, na kingine katikati ya ukingo wa juu. Kwanza naufuta ukuta kwa kitambaa kikavu, maana vumbi jekundu la huku likitangulia, gundi inashika vumbi, haishiki ukuta. Ukuta wa rangi ya mafuta unaipokea vizuri. Wa chokaa unabanduka nayo.

Ila ina mafuta, nayo hupenya polepole. Niliibandika kanga ya mama kwa pindo. Nilipoishusha kulikuwa na doa ambalo hakuna sabuni iliyolitoa. Bado linaniuma. Tangu hapo gundi haigusi mchoro wenyewe: kila mchoro naukalisha juu ya manila kwa vipembe vya karatasi, na gundi naiweka nyuma ya manila. Kipande changu cha lubugo, kitambaa cha gome la mutuba ambacho Baganda wamekitengeneza tangu enzi na UNESCO ikakiingiza kwenye orodha yake mwaka 2008, nilikishonea kwanza kwenye kadibodi, kwa sababu nyuzinyuzi zake hung'oka na gundi. Picha yangu ya Tingatinga, iliyochorwa kwenye hadibodi, ni nzito mno. Hiyo imeegemea juu ya kabati.

Kupanga nilianza sakafuni, juu ya mkeka. Jahazi kubwa nililiweka kando, kitovu chake kama sentimita 150 kutoka chini, tanga likielekea dirishani, na madogo yakilifuata. Mara nne nilibandua na kubandika upya: unapenyeza kidole nyuma, unainua taratibu, na mabaki unayagusagusa kwa donge kubwa la gundi hiyo hiyo mpaka yatoke.

Jumapili mtoto wa jirani alisimama mbele ya jahazi dogo la mwisho akaniuliza, "Shangazi, hii inafika Goma?" Nikalibandua. Sasa liko ukutani kwao, kwenye kimo chake.