Inatakiwa

Kabla sijaanza kuuza mitumba, nilikaa dirisha la mapokezi hospitalini miaka minne. Usiku mmoja, saa sita hivi, bodaboda akashusha kijana aliyekatwa panga kiganjani. Mkono kaufunga kwa fulana yake mwenyewe, fulana imelowa, damu inadondokea malapa.

"Dada, naomba unisaidie."

"PF3 iko wapi?"

Kwa asiyeijua, PF3 ni fomu ya polisi. Majeruhi anaichukua kituoni, daktari anajaza alichokiona, kesi ikifika mahakamani inakuwa ushahidi. Ni fomu ya maana. Bila hiyo aliyekukata anaweza kupeta mtaani. Ila ni ya kesi, si ya kidonda. Viongozi wa afya wenyewe wameshasema hadharani kwamba wa dharura atibiwe kwanza, fomu ifuate. Sisi kwenye kioo tulibandika karatasi: MAJERUHI WOTE WAJE NA PF3.

Nikamwambia, "Kaka, inatakiwa uanzie kituoni."

Inatakiwa. Nani anayetaka? Neno lenyewe halina mtu ndani. Kutwa pale dirishani tulikuwa na inatakiwa, hairuhusiwi, ndio utaratibu, utadhani utaratibu ndio umekalia kiti na sisi tumepita kusalimia tu. Na kusema kweli wala sikuwa naogopa sheria. Niliogopa kuulizwa asubuhi. Bosi wetu alikuwa na namna yake ya kuuliza, anavua miwani kwanza.

Kijana hakubisha, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Angenitukana ningepata pa kushika. Alisema "sawa dada", akapanda tena pikipiki, mkono kauinua juu kama mwanafunzi anayeomba ruhusa.

Alirudi saa nane kasoro, midomo imepauka, fomu ina alama za vidole vya damu. Sista wa zamu, mama mtu mzima, akambeba haraka kwenda kushonwa. Alipotoka aliniangalia, akasema, "Ungeniita tu, mwanangu." Alikuwa chumba cha pili. Hatua kumi na mbili, nilizihesabu kesho yake.

Daftari la mapokezi nililijaza vizuri, kwa mwandiko wangu mzuri: jina, umri, PF3 ipo, muda wa kufika saa 7:50 usiku. Ile mara ya kwanza aliyofika haikuandikwa popote.