Ukuta wa korido umekauka

Usiku wa tatu huu, ukuta wa korido hauna hata kidoti cha unyevu. Niliupaka rangi mara tatu, ikavimba mara tatu, palepale, karibu na sakafu. Wiki tano zimeishia hapo.

Mengine yamekwenda: waya zimevutwa, dari ya jipsamu imefungwa, skimu, ile lipu laini ya juu, imepigwa, vigae vya bafuni vimekwisha. Milango bado, kwa makusudi. Sitaki kuranda milango kwa chini baada ya vigae kuinua sakafu.

Mara ya kwanza nililaumu lipu, eti haijakauka. Mara ya pili nikalaumu praima. Ya tatu ndipo nikabandika kipande cha nailoni ukutani, nikaziba kingo zote, nikakiacha siku nzima. Matone yakajikusanya kati ya nailoni na ukuta. Maji yanatoka ndani. Usiku ule, koki zote zimefungwa, nikasikia pampu ikijiwasha. Ikazima. Baada ya muda ikajiwasha tena: maji yanavuja mahali.

Upande wa pili wa ukuta ule ni bafu, na vigae vyake nimevipanga kwa mikono yangu. Siku mbili nilizunguka nyumba nikitafuta mkosaji mwingine. Nikamkosa, nikashika tindo.

Vigae vitatu vikavunjika, na nyuma yake elbo (kiungo cha kona) ya PPR, bomba la plastiki linalounganishwa kwa joto, ya milimita 20 inatoka jasho kwenye maungio. Niliichoma mimi. Bomba la saizi hiyo linataka nyuzi joto 260 kwa sekunde 5, kisha uliingize papo hapo. Pale kwenye kona nilihangaika kugeuza mkono, likapoa. Mashine ya kuchomea haina kosa, ila ile miguu yake ya kusimamia ni pambo tu. Ukishaingia ndani ya ukuta haina kazi.

Kinachoniuma zaidi ni mpangilio. Kabla ya lipu nilifungua maji, sikuona tone, nikaendelea. Wakati huo maji yalitoka kwenye tangi lililo mita tatu juu, na hiyo ni shinikizo la kama baa 0.3 tu. Pampu, inayosukuma maji kwa nguvu zaidi, niliiunga baada ya vigae! Elbo mbovu ilikuwa imelala tu ikinisubiri.

Safari hii nimeazima pampu ya mkono yenye geji, nikajaza bomba zote, nikapandisha hadi baa 10. Mshale umesimama saa nzima. Nilikaa nautazama kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Kifaa hiki ningekinunua kabla ya leza ya kupimia usawa, ambayo naipenda lakini nimeitumia mara nne tu.

Kabati za jikoni zilikuwa zianze Jumamosi. Hazianzi. Tundu nililolichimba limenipa wazo: upande wa korido, nyuma ya koki za bafu, niweke kidirisha cha kufungua kwa skrubu, nisivunje vigae tena maishani. Fremu nimeshaikata kwa mabaki ya mbao za dari. Imepinda kidogo, naanza nyingine kesho.