Kilomita za kabla ya marathoni: kumbukumbu kutoka Tanga

7 Julai 2025
Sabasaba, duka limefungwa, kisingizio sina. Nimetoka Chumbageni saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikashika Barabara ya Hospitali, nikapita Bombo hadi Raskazone na kurudi. Kilomita 6 kwa dakika 44, na mara tatu nimetembea.

Niandike mpango mapema nisije nikajidanganya. Nataka kukimbia Kilimanjaro Marathon pale Moshi mwishoni mwa Februari, kilomita 42 na ushei. Programu niliyoichagua ni ya wiki 16, naianza mwanzoni mwa Novemba. Tatizo ni kwamba wiki yake ya kwanza tu inamtaka mtu ambaye tayari anakimbia kilomita 35 kwa wiki bila kuugua. Mimi nikifikisha 15 natembea kama nimetoka kupakua meli. Kwa hiyo nina mtihani kabla ya mtihani, na ninachoandika humu ni ule wa kwanza.

Nauza vipuri vya baiskeli. Jirani yangu wa dukani ameshauliza: "Wewe baiskeli zote hizo unazo, kinachokukimbiza ni nini?"

20 Julai
Wiki mbili hizi kilichonishinda si umbali, ni kwenda polepole. Kila nikianza najikuta nimefyatuka kama nawahi kivuko, dakika kumi baadaye pumzi imeisha. Mazoezi ya msingi yanataka mwendo ambao unaweza kuzungumza huku unakimbia, maana hapo ndipo moyo na misuli vinajifunza kwenda muda mrefu bila kuchoka. Wengine wanapima kwa saa za mkononi zinazohesabu mapigo ya moyo. Mimi napima kwa shikamoo.

Barabara ya Hospitali alfajiri ina wazee wanaotoka msikitini, na Tanga humpiti mzee kimyakimya ukasema unafanya mazoezi. Nikiweza kusema "Shikamoo mzee", nikapokea "Marahaba, hujambo?", nikajibu na kuulizia nyumbani bila kukata neno, mwendo ni sawasawa. Nikiishia kupunga mkono, nimezidisha. Leo nimesalimia wazee tisa na nimemaliza kilomita 7 bila kutembea hata hatua moja.

3 Agosti
Nimeharibu. Wiki iliyopita nilikimbia kilomita 18, wiki hii nikavuta hadi 30 kwa sababu tu nilijisikia mwepesi. Ijumaa ugoko wa kushoto ukaanza kuuma, Jumamosi nikapanda ngazi kwa kushika ukuta. Kosa ni langu mwenyewe. Pumzi inakuja ndani ya wiki chache, lakini mifupa na kano huchukua miezi, na mimi nilikuwa naisikiliza pumzi peke yake. Sikimbii mpaka ukibonyezwa usiume.

11 Agosti
Ndiyo sababu nimeingia jimu. Imefunguliwa karibuni Ngamiani, kwenye jengo lililokuwa stoo, shilingi 40,000 kwa mwezi. Sikutarajia kuipenda. Nilidhani ni mahali pa vijana kujipiga picha kwenye kioo, na kweli wapo, lakini bado inanukia mpira mpya, feni zinazunguka, na hakuna anayekucheka ukibeba dambeli ndogo.

Aliyenisaidia zaidi si kocha. Ni mama mmoja wa makamo, ana duka la vitambaa, anakuja saa moja jioni na ushungi wake na raba nyeupe zisizo na doa. Aliniona nikipanda na kushuka kwa vidole ukingoni mwa ngazi, miguu yote miwili, haraka haraka. Akasimama.

"Mwanangu, unakimbia kwa miguu miwili kwa mpigo?"

"Hapana mama."

"Basi fanya mmoja mmoja. Na kushuka usijiachie, hesabu mpaka tatu."

Nilifika nane. Kigimbi cha kushoto kikaanza kutetemeka chenyewe kama mkia wa samaki, cha kulia kikaenda mpaka kumi na tano bila neno. Kumbe miezi yote hii mguu mmoja umekuwa ukimbeba mwenzake.

30 Agosti
Ugoko umenyamaza. Nakimbia mara nne kwa wiki, jimu mara mbili. Faida nyingine ya jimu sikuifikiria kabla: mji wetu ni tambarare, na Moshi kuna mlima wa kuelekea Mweka unaowavunja watu. Kwa hiyo nainua mashine ya kukimbilia na kupanda Mweka yangu hapohapo Ngamiani. Jana umeme ulikatika nikiwa katikati ya mlima. Mkanda ukasimama, mimi nikaendelea, nikajikuta nimekumbatia vishikio gizani. Mama wa vitambaa akasema tu, "Umefika kileleni?"

15 Septemba
Nimeamkia habari ya Tokyo. Simbu ni bingwa wa dunia wa marathoni! Saa 2:09:48, na Mjerumani Petros amepewa muda huohuo, wametenganishwa kwa sehemu 3 za mia za sekunde. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo. Jioni jimu hakuna aliyenyanyua kitu kwa nusu saa, video inarudiwa simu hadi simu. Mzee mmoja akatukumbusha Ikangaa alivyoshinda New York mwaka 1989, akaeleza kana kwamba alikuwa kando ya barabara. Nilikimbia kilomita 5 baada ya hapo, haraka mno, wala sijutii.

12 Oktoba
Kilomita 36 kwa wiki, wiki ya pili mfululizo. Leo ndefu: hadi Mapango ya Amboni na kurudi, 16 jumla. Kaskazi bado haijaanza kuvuma lakini joto limeshatangulia. Ilipofika saa mbili asubuhi fulana imeganda mgongoni, nikanunua machungwa mawili ya Muheza njiani na kuyala nikitembea. Dakika hizo nazihesabu humo humo.

Kigimbi cha kushoto sasa kinafika kumi na nne. Kesho ni siku ya miguu, na mama ameahidi kuniongezea uzito.