Gauni lilinitosha, siku zangu zikagoma

Niseme tu ukweli, sikujua kama ni ugonjwa, mimi nilijua nafanya dayati ya harusi. Mwezi wa tisa fundi ananipima nikamwambia shona ndogo kidogo, nitapungua, basi nikaanza, asubuhi chai ya limau, mchana yai moja na tango, usiku najifanya nimeshakula kazini. Na watu wanasifia! Kila ninapopita "bibi harusi umependeza, tupe siri".

Mwezi wa kumi na moja sikuona siku zangu. Wa kumi na mbili hola. Shangazi akaninong'oneza jikoni, "mwanangu, kama kuna kitu sema mapema tujue gauni tunalifanyaje" 😂 nikapima mara tatu, kamstari kamoja tu. Januari, Dar hii, watu wanalala barazani kwa joto, mimi ofisini na sweta, nywele zinabaki kwenye kitana.

Dispensari ya kwanza nikapewa vidonge, damu ikatoka, nikajua nimepona, nikaendelea na tango langu. Kumbe ile damu ni ya vidonge, ovari, vile vifuko vya mayai ya uzazi, zimelala vilevile. Daktari wa pili, mama mtu mzima, ndo wa kwanza kuniuliza "jana umekula nini?" nikalia palepale, hata sijui kwanini. Akanielewesha kwamba mwili ukinyimwa chakula unabana matumizi, ubongo unapunguza kuzituma ovari kazi, yai halipevuki, estrojeni, ile homoni ya kike, inashuka, na ikikaa chini muda mrefu mifupa ndo inalipia. Akanionya pia yai linaweza kupevuka kabla hujaona damu, kwa hiyo msijiachie mkadhani hamshiki mimba. Na wewe unayeona siku zako kila mwezi usijipe moyo sana, hata Wamarekani kwenye mwongozo wao wa magonjwa ya akili mwaka 2013 walishaondoa sharti la hedhi kukatika ndo uhesabiwe una anoreksia, ule ugonjwa wa kujinyima chakula kwa kuogopa kunenepa.

Kula tena ndo ilikuwa shughuli jamani. Chapati moja naitazama dakika ishirini mpaka inapoa, mchumba kakaa pembeni anajifanya anaangalia mpira. Gauni fundi akalifumua ubavuni, kanuna, nikamlipa.

Zilirudi mwezi wa nane, harusi ishapita. Pakiti ya pedi niliyonunua kwa ajili ya Novemba ilikuwa bado kwenye droo, haijafunguliwa.